Kichwa cha Mume Wangu Kinakubali Kila Kitu

Donholm, Nairobi.

Kwa Bi. Roseline,
Mtaalamu wa Tiba ya Viungo.

KUH: KUSIMAMISHWA KWA MAZOEZI YA KICHWA CHA BW. MUTHAMA

Kwako Bibi, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Kasiva, mke wa yule karani mstaafu aliyekuja kwako akishika kuta kwa kizunguzungu. Ulimfundisha kubandika herufi mahali, kuikazia macho, kisha kupeleka kichwa juu na chini, halafu kulia na kushoto, macho yasibanduke. Nafuu ameipata, sikatai. Hata hivyo nyumba yangu inaharibika, nami naomba mazoezi hayo yasimamishwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu zifuatazo:

1. Herufi B ameibandika getini, naye hukaa barazani. Kila anayekuja kuomba kitu humkuta mwenye nyumba akimtazama bila kupepesa, huku akiitikia kwa kichwa. Jirani yetu Mama Elsie aliomba kuanika mazulia kwenye kamba yetu. Sasa shuka zetu zinakauka juu ya makochi.

2. Binamu ya Muthama aitwaye Kilonzo, mchongaji, aliomba mahali pa kuweka kazi zake kwa muda. Bafu limejaa twiga wa mbao. Naoga nikitazamwa.

3. Pasta alikuja kumwombea. Alipomwuliza kama anaamini atapona, Muthama alikuwa amefikia kulia na kushoto. Pasta aliaga mapema, chai ikabaki ikishika utando.

4. Mimi mwenyewe nilisimama getini na mboga mkononi, nikamwuliza kama amewahi kujuta kunioa. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, polepole, kwa makini. Nilipika nikiimba. Sukuma ilipoiva ndipo nikakumbuka kwamba lile ni zoezi. Bibi, iliniuma.

5. Hili ndilo kubwa. Binti yetu Ndindi anataka kuolewa na Austine. Baba yake Ndindi amekataa katakata, kwa sababu siku ya kwanza kijana alimsalimu, "Niaje buda," kama anayesalimu rika lake kijiweni. Ndindi amekonda kwa kulia. Wiki jana Austine alisimama getini, akaomba kuleta wazee wake, kisha akatoka mbio akiutangazia mtaa: "Wasee, buda amekubali! Si mmeona kichwa!" Muthama anasema hakusikia neno, alikuwa anaangalia B. Wazee wanakuja Jumamosi. Je, ni haki mtoto wa mtu aolewe kwa zoezi la kizunguzungu? Idhini ya namna hiyo ina baraka gani? Mume wangu ni mtu wa hapana. Hapana yake nimeizoea, najua inapoanzia na inapochoka. Hii "ndiyo" yake siijui kabisa.

Kwa hayo, naomba umwachishe mara moja.

Nisalimie wote hapo kliniki, hasa yule mama wa mapokezi aliyemshika mkono mzee ngazini. Ndindi anakusalimu, na twiga pia.

Ni mimi, ambaye bado nimesimama wima,
Kasiva Muthama.

Tanbihi: Muthama ameniambia sasa hivi kwamba kichwa kimetulia, na Ijumaa anaacha mazoezi. Bibi, tafadhali mpigie simu umkataze kuacha. Mwambie kizunguzungu hurudi. Mwambie Jumamosi kuanzia saa nne afanye ya juu na chini tu, hayo ya kulia na kushoto yangoje Jumatatu. Herufi nimeshaihamishia sebuleni, juu ya kiti atakachokalia baba yake Austine.