Jina la Lison Ndani ya Nyambizi

Jumatatu, 6 Oktoba
Cherbourg, kiwandani kwa nyambizi, mvua. Bwana Hamelin, msimamizi wangu na baba yake Lison, kanikabidhi kazi kwenye nyambizi mpya! Zile nne za zamani zinazeeka, nchi inajenga nne nyingine, kimya zaidi, za kubeba makombora ya nyuklia ili adui asithubutu. Adui hajui mchomeleaji ni mimi, Gaëtan. Angekuwa keshaomba amani.

Jioni nikapita duka la mikate kumwona Lison. Balaa! Amaury, yule mvuvi mwenye masikio makubwa, ameahidi kuandika jina la Lison kwenye boti ya mjomba wake. Boti ya kome! Nikamwambia mimi nitaliweka kwenye nyambizi. Akauliza ataliona wapi. Nikamjibu halitaonekana, nyambizi yenyewe haionekani, ndiyo sifa yake. Kacheka. Kasema nikifanya kweli, Jumamosi tunakwenda dansi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekunja waya wa shaba, herufi tano. Nimezilaza kwenye kiungo, pale vyuma viwili vinapokutana, nikachomelea juu. Safi! Najua kila kiungo hupigwa eksirei. Lakini eksirei hutafuta matundu, haitafuti mapenzi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeitwa. Kwenye picha: LISON, jeupe kama meno. Ofisi nzima hoi kwa kicheko, isipokuwa Bwana Hamelin. Akauliza kama namjua Lison yeyote. Nikasema huenda ndiyo chapa ya waya. Akaniambia, we dogo, humo watalala watu mia moja chini ya bahari, na shaba yako ingepasua chuma. Kiungo kimekatwa. Cheti changu cha kuchomelea kimechukuliwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Lison kasimuliwa na baba yake. Kasema mimi ni mpumbavu, ila hakuna mwingine aliyewahi kuchelewesha ulinzi wa taifa kwa ajili yake. Amaury hoi! Dansi ipo. Baba yake naye anakuja. Atakaa katikati.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimehamishiwa kupaka rangi. Bwana Hamelin kasema huko sitaharibu kitu. Nikamuuliza fundi wa rangi, kistaarabu kabisa, kama rangi nayo hupigwa eksirei.

Haipigwi.

Kesho naanza na L.