Mkanda wa Ndege

Wako wanaoamshwa na jogoo, wako wanaoamshwa na njaa. Landry wa commune ya Kisangani, mtaa wa kando ya mto, aliamshwa na ujinga wa wenzake. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akitafuna kwanga, ule mkate wa muhogo, mara akasikia gari likipiga kelele kwa mbali kama nguruwe aliyeona kisu. Akaacha kutafuna. Fundi hakuwa, Mungu shahidi, lakini aliwahi kulala nyuma ya gereji ya shemeji yake, na kelele ile aliijua. Ni mkanda wa motere, ule mrefu unaozunguka magurudumu madogo mbele ya injini kama nyoka aliyepotea njia. Ulikuwa umechoka.

Gari lilikuwa Toyota nyeupe. Ndani yake alikaa mwanaume wa makamo aliyevaa koti zito la sherehe, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Koti lile lilimwambia Landry habari zote. Mtu anayekubali kulowa jasho ili aonekane tajiri huuziwa chochote.

Akamfuata kwa pikipiki, uso umejaa huruma ya mtu anayeleta tanzia. "Papa, simama! Hiyo gari inalia! Inaomba musaada!"

Yule bwana akasimama, akajitambulisha: Papa Kasongo, commerçant, yaani mfanyabiashara. "Inalia tangu juma ilipita," alisema. "Miye nilifikiri iko ju ya chaleur, hii joto."

"Chaleur? Papa, iko mukanda! Na Mungu njo amekuleta kwangu, ju niko na moja ya pekee. Mukanda ya ndege."

"Ya ndege?"

"Ilibakia kule Simi-Simi tangu wakati ndege zilikuwa zinashuka pale. Ukifunga hiyo kwa gari, essence, hii mafuta yake, inapunguka nusu. Lakini, papa, kwa mushuko uende polepole. Gari itapenda kuruka."

Papa Kasongo akatazama juu, kana kwamba anapima nafasi iliyopo kati ya nyaya za umeme. "Na garage gani itafunga?"

"Garage? Kule iko bwizi tu! Nitakufungia kwako nyumbani, unaikala kwa kiti."

Mpango wa Landry ulikuwa mwepesi na mzuri, kama mipango yote kabla haijaanza. Angekuja na boksi tupu lililofungwa vizuri. Angeutoa mkanda wa zamani, angeuosha kwa sabuni, angeupaka dawa ya viatu, kisha angeurudisha palepale ulipotoka. Papa Kasongo angenunua mkanda wake mwenyewe. Na huo ni wizi gani, jamani, ambao aliyeibiwa anabaki na mali yake?

Mchana walikuwa kiwanjani kwa Papa Kasongo, gari limefunguliwa mdomo. Ng'ambo ya ua, Mama Florentine, muuza kwanga, alikuwa amesogeza kiti chake ili aone vizuri.

"Papa," alisema Landry, boksi kifuani, "mukanda ya ndege iko na haya. Haipendi mwenye gari aione mbele ya kufungwa. Geuka, funga macho, omba."

"Niombe nini?"

"Yote. Na omba kwa nguvu, motere isikie."

Papa Kasongo akageukia ukuta, akainua mikono, akaanza na Adamu.

Landry akaweka ufunguo kwenye kile kigurudumu chenye springi kinachokaza mkanda, akavuta, na mkanda ukamwangukia mikononi. Akauosha. Akaupaka dawa ya viatu mpaka ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kisha akageukia injini, na kwa mara ya kwanza maishani akakutana na kitu kisichodanganyika kwa maneno. Mkanda ulipita juu ya gurudumu hili au chini yake? Fundi yeyote angechora njia kwanza, ndipo autoe. Landry hakuwa amechora. Akaupitisha kulia, ukabaki mrefu kama suruali ya kuazima. Akaupitisha kushoto, ukawa mfupi. Akaupitisha kila mahali, mwisho akakuta mkono wake mwenyewe umefungwa ndani.

"We kijana," Mama Florentine aliita, "hiyo mukanda unafungia gari, ao unajifungia weye?"

"Mama, hii iko technique."

"Technique njo inatoa damu kwa kidole?"

Papa Kasongo alikuwa amefika kwa Musa. Ghafla, huko mtoni, ikalia honi ndefu. Ilikuwa mashua iliyotoka Yangambi. Sala ikakatika katikati ya Bahari ya Shamu, Waisraeli wakaachwa majini. Landry akauficha mkanda chini ya shati, akijua ameshikwa. Lakini Papa Kasongo hakuangalia mkanda hata kidogo. Aliangalia upande wa mto, kisha akaangalia pikipiki.

"Gari imekufa?"

"Haijakufa, papa, inapumuzika tu..."

"Imekufa!" Papa Kasongo akashika kichwa. "Sina tena roho ya magari. Uichukue, kijana, iko yako. Unipe tu ile moto, pikipiki yako, nifike kwa batu yangu."

Landry alisikia moyo unamruka. Toyota nzima kwa pikipiki ambayo kiti chake kilishikwa na kamba! Alimhurumia yule mzee kidogo, halafu huruma ikapita.

"Na karatasi?"

"Zote ziko ndani ya gari."

Wakabadilishana funguo. Papa Kasongo akachomoa begi nyuma ya mlango, limeshafungwa tayari, akapanda na kutoweka katika vumbi. Landry aliliona lile begi, akawaza tu: huyu mzee ni mtu wa utaratibu.

Jambo moja alilikumbuka kutoka gereji ya shemeji yake: gari lisilo na mkanda linaweza kutembea, ila si mbali. Soko halikuwa mbali, na sokoni daima kuna mtu asiyeuliza. Akawasha. Usukani ulikuwa mzito kama shingo ya nyati. Taa nyekundu ikawaka. Maji hayakuzunguka tena ndani ya injini, kwa hiyo mshale wa joto ukapanda bila kupumzika. Njiani, alipofika mahali mashua zinapotia nanga, mvuke ukatoka mbele kwa mlio mkubwa, na gari likazima katikati ya wapagazi.

Alikuwa akiupepea mvuke kwa boksi tupu alipoona kivuli kipana kimemfunika. Ni Mama Augustine, mfanyabiashara wa samaki, na nyuma yake vikapu vya samaki wakavu. Mama akaangalia gari. Akamwangalia Landry.

"Kasongo iko wapi?"

"Kasongo gani, mama?"

"Sentinelle yangu, mulinzi ya nyumba. Nilimuachia nyumba na gari, nikashuka Yangambi. Na gari nilimukataza kuigusa! Alikuwa amevaa koti ya marehemu bwana yangu?"

Landry akalificha boksi tupu nyuma ya mgongo.

"Ah, Papa Kasongo! Njo yeye alinituma nikupokee, mama. Miye niko mécanicien, fundi ya magari."

"Bon," alisema Mama Augustine, akapanda mbele ya usukani. "Alors, nipokee."

Vikapu vikapakiwa. Landry akasukuma. Njia nzima mama alisalimia watu dirishani kama mgombea wa uchaguzi, na kila baada ya kitambo akatoa kichwa: "Kaza, mécanicien!"

Nyumbani mama alifunga geti, akafunga ufunguo kwenye ncha ya kitenge, akaweka kiti mbele ya injini. "Funga mukanda."

Safari hii hakuna aliyefumba macho. Landry akautoa mkanda chini ya shati, akakosea, akakosea tena, dawa ya viatu ikampanda mpaka viwikoni. Mwisho, maneno yote yalipomwishia, akaanza kutazama. Upande wenye mistari ulitaka magurudumu yenye mistari. Mgongo laini ulitaka gurudumu laini. Akafuata moja baada ya lingine, akavuta kile kigurudumu cha springi, na mkanda ukaingia wenyewe. Wakatia maji. Injini ikapiga kelele mara moja, kisha ikaimba polepole. Landry alikaribia kulia. Hakuwahi kumaliza kitu chochote maishani.

"Kumbe unajua kazi," alisema Mama Augustine. "Bei gani?"

Kinywa kilichowahi kuuza upepo kikafunguka. "Bure, mama."

"Bure haiko. Mutu ya kazi analipwa." Akampa samaki mmoja mkavu, akamfungulia geti.

Landry akatoka kwa miguu. Mama Florentine alikuwa bado mlangoni pake.

"Mécanicien! Moto yako imegeuka samaki?"

Landry akasimama. Akanyoosha shati. Macho yakaanza kung'aa tena.

"Mama, hii haiko samaki ya bure. Hii inatoka Yangambi, kwa batu ya recherche, wale ya utafiti. Mutoto akikula mukia tu, anashinda darasa lote."

"Kweli? Leta ninuse."

Akampa. Mama Florentine alinusa kichwa, akanusa mkia, akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Kisha akaingia na samaki ndani, na mlango ukafungwa mbele ya Landry.