Vita vya Bustan na Toleo la Mwisho la Birika na Utepe

Kaeni kitako, enyi wenye masikio mawili, na hata mlio na moja linalosikia vizuri. Zimeni simu zenu, au walau zilazeni kifudifudi. Mwenye tende mdomoni na aimeze. Leo hazitasimuliwa habari za wafalme waliotwaa ngome, wala za majemedari waliovuka jangwa na ngamia elfu. Hao wamekwisha andikwa, tena na watu waliolipwa. Leo itasimuliwa habari ya Bi Shariffa binti Awadh, simba jike wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos kule Maskati, mkunga mstaafu mwenye miwani miwili na magoti mabovu, na jinsi alivyotoka nyumbani kwake siku ya Jumanne, baada ya sala ya alasiri, akaenda Bustan kutwaa gazeti.

Katika ujana wake Bi Shariffa alisomea ukunga Uingereza, akarudi na vitu viwili: cheti, na mapenzi ya jarida la kina mama la kila wiki liitwalo Birika na Utepe. Cheti kilitundikwa ukutani kikapauka. Mapenzi hayakupauka. Kwa miaka ishirini na miwili, kila Alhamisi, mabibi kumi na mmoja walikusanyika sebuleni kwake, wengine wazaliwa wa Unguja, wengine wa Tabora na Bujumbura, naye akawasomea hadithi ya mfululizo, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitoka mdomoni bila ya kugongana njiani. Mwaka wa pili sasa walikuwa na Nesi Mabel wa hadithi hiyo, na walimjua kuliko walivyowajua wakwe zao. Sebule ilikuwa imegawanyika kambi mbili: waliotaka Mabel aolewe na Daktari Pelham, mrefu, mwenye gari, na waliotaka aolewe na Bwana Tibbs, fundi wa saa, maskini, mwenye masharubu. Kambi ya daktari iliongozwa na Bi Shariffa mwenyewe. Ya fundi wa saa iliongozwa na Bi Kheiria wa Bustan, chui mwenye vidani, hodari wa kunong'ona kwa sauti inayofika barabarani.

Ndipo mawingu meusi yalipokusanyika juu ya London. Wakuu wa kampuni, watu wasiowahi kuonja hata sambusa moja ya Bi Shariffa, waliketi kwenye meza ndefu, wakaona kwamba wasomaji wao wanazeeka, wakalikata jarida shingo. Barua ikasafiri bahari na nchi kavu mpaka Maskati. Ilisema: "Msomaji wetu mpendwa, tunayo furaha kukujulisha kwamba jarida lako limefungwa. Usihuzunike! Wiki zako zilizobaki tumezihamishia kwa ndugu yake, Mbwa Wangu, Moyo Wangu." Na huyo ndugu alikuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo, na juu ya jalada lake palikuwa na mbwa mweupe mwenye manyoya mpaka sakafuni na kibanio cha nywele.

Bi Shariffa alimtoa bahashani kwa koleo la makaa.

"Ni picha tu, mama," alisema mwanawe Musallam, mhandisi wa kiwanda kimoja kule Rusayl, mtu mpole aliyezoea kubishana na mashine. "Picha haina najisi."

"Picha haina. Lakini mwone anavyonitazama."

Toleo la mwisho la Birika na Utepe, lenye hatima ya Mabel, halikupelekwa kwa posta. Nakala moja, moja tu, ilishuka Maskati, katika duka la vitabu lililo hatua mia mbili kutoka kwa Bi Shariffa. Alifika saa nne asubuhi. Bi Kheiria alikuwa amemtuma mjukuu wake saa tatu. Na kabla ya adhuhuri tangazo la vita lilitua katika simu za mabibi wote, kwa sauti tamu kama shira:

"Assalamu alaykum, wapenzi wangu. Alhamisi hii msijisumbue kwenda Madinat. Njooni kwangu Bustan. Toleo la mwisho nnalo miye, lingali ndani ya plastiki yake pamoja na kijiko cha zawadi. Nitalichana mbele yenu, na mjukuu wangu Noof atatusomea. Shariffa naye karibu, kama magoti yatamruhusu."

Kama magoti yatamruhusu! Kuna madola yaliyopigana karne nzima kwa maneno mepesi kuliko hayo.

Basi Musallam akaamrishwa kuwasha gari, naye akawasha. Njiani, katikati ya milima iliyokauka, alijaribu kuleta amani.

"Mama, si wote mtasikia mwisho? Yeyote asome."

Bi Shariffa alitazama dirishani, na sauti iliyotoka haikuwa ya simba.

"Tangu baba yako atangulie, nna siku moja tu katika wiki ambayo watu wanabisha hodi kwangu. Wanakuja kwa ajili ya Mabel. Mabel akihamia Bustan, nani atakuja kuniona mie na cheti changu?"

Musallam aliongeza mwendo, na hiyo ndiyo hotuba bora aliyowahi kuitoa.

Mlango wa Bustan ulifunguliwa na Noof, mjukuu wa Bi Kheiria, msichana wa chuo kikuu mwenye macho ya kucheka.

"Karibu, bibi. Tulikuwa tunakungoja."

"Mmejuaje kama nnakuja?"

"Bibi ameamrisha makaa tangu adhana."

Hapo shujaa wetu alitambua ukubwa wa mtego. Kwani yajulikana kwa kila aliyelelewa vyema katika nchi ile kwamba mgeni huingia, huulizwa hali, hula halua, hunywa kahawa, na mwenye adabu hatamki haja yake mpaka kahawa iishe. Lakini kahawa ikisha, huja chetezo. Na moshi wa udi ukishapita katika nguo za mgeni, ziara imekwisha, na hakuna mtu aliyefunzwa na mama yake atakayebaki kwenye kiti. Bi Kheiria alikuwa ameuziba mwanya wote baina ya finjani ya mwisho na chetezo. Makaa yalikuwa yamewiva tayari, mekundu, yakingoja pembeni ya pazia kama askari.

"Shariffa! Ahlan, ahlan! Habari za magoti?"

"Yamenileta. Zako, Kheiria? Watoto, wajukuu, shinikizo la damu?"

"Alhamdulillah, liko juu, lakini halijanishinda."

"Wewe hushindwi, shoga yangu. Anayekaribia kukushinda humwita mgonjwa wa magoti."

Wakacheka kwa pamoja, kicheko kikavu. Bi Kheiria akajisogeza kwenye kochi, na chini yake kitu kikalia: krakra. Plastiki! Adui alikuwa ameikalia hazina.

Halua ikaliwa. Noof akashika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na vifinjani kwa wa kulia, na mapambano yakaanza. Silaha ya Bi Shariffa ilikuwa moja tu, ndogo, isiyo na mkono wa kushikia: finjani yake. Maadamu mgeni hajaitikisa finjani kuonyesha kwamba ametosheka, mwenyeji hana budi kuijaza, na maadamu kahawa inamiminwa, chetezo hakina ruhusa ya kuvuka zulia.

Ya kwanza ilikwenda. Ya pili ikaifuata. Baada ya ya tatu, pale ambapo watu wote wenye akili timamu hutikisa, Bi Shariffa alinyoosha mkono uliotulia kama nguzo ya msikiti.

"Mjazie," alisema Bi Kheiria, bila ya kufungua meno.

Ya tano. Ya saba.

"Kahawa yako tamu leo, Kheiria. Iliki umetia bila ya uchoyo."

"Haikukoseshi usingizi? Kwa umri wako?"

"Tumezaliwa mwaka mmoja, bibiye. Wewe mwezi wa pili, mie wa kumi."

Ya nane. Ya tisa. Nyuma ya pazia makaa yalianza kuvaa majivu, na Bi Kheiria akaagiza mengine kwa sauti ya jemedari anayeita kikosi cha akiba. Nje Musallam alipiga honi, kwani alikuwa ameanza kuhesabu uwezekano wa kurithi nyumba. Ya kumi ikateremka. Na baada ya ya kumi na moja, msiba: kahawa ya iliki, iliyomtumikia Bi Shariffa kwa uaminifu tangu mwanzo wa vita, ilimgeuka. Vidole vikaanza kutetemeka. Finjani ikacheza kushoto, ikacheza kulia.

"Umetikisa!" Bi Kheiria aliruka, plastiki ikapiga kelele. "Umetikisa! Lete chetezo!"

"Sikutikisa. Imetikisika."

"Noof ni shahidi! Finjani imekwenda huku na huku!"

"Kutikisa ni nia, Kheiria. Mwenye homa akitetemeka, utamwambia anacheza ngoma?"

Wote wawili wakamgeukia Noof, hakimu asiyeomba ukadhi. Msichana akautazama ule mkono mzee, akamtazama bibi yake, kisha, kwa utulivu wa kutisha, akamimina ya kumi na mbili.

Na sasa lilitendeka tendo ambalo Bustan haikuwa imelishuhudia. Bi Shariffa hakuinywa. Aliilaza finjani juu ya sinia, imejaa, inafuka, akakunja mikono.

Bi Kheiria akabadilika rangi. Kwani mgeni akiilaza finjani bila ya kuinywa, anasema mbele ya watu na malaika kwamba ana haja kubwa. Na mwenyeji anayemwacha aondoke kahawa imepoa kwenye sinia, jina lake halitapona.

"Usinifanyie hivyo, Shariffa. Kunywa."

"Siinywi."

"Katika nyumba ya marehemu mume wangu Asaad haijapata kulazwa finjani."

"Basi leo imelazwa, na majirani watajua, maana nitawaambia mwenyewe." Akajiweka sawa, akatweka sauti. "Ewe Kheiria, binti ya watu wema, mwenye makochi mazuri yasiyokalika! Usiku ule wa mvua, barabara zilipokatika, nani alikuja nyumba hii na mkoba wake kichwani? Huyu Noof alikuja duniani miguu mbele, na mikono hii unayoisingizia kutikisa ndiyo iliyompokea. Siku ile sikukuomba kitu. Leo nnaomba karatasi."

"Miguu mbele?" aliuliza Noof. "Kweli?"

"Na ngumi umekunja."

Kiyoyozi kikavuma. Bi Kheiria akaitazama finjani, akamtazama mjukuu wake kuanzia kisogoni mpaka miguuni, hasa miguuni; kisha akanyanyuka kidogo, akaingiza mkono chini yake, akaitoa hazina, yenye joto na kijiko.

"Kunywa kahawa yako," alisema kwa sauti ndogo. "Umeshapata haja yako."

Bi Shariffa akainywa kwa mkupuo mmoja, na akaitikisa finjani, mara tatu, kwa nia.

"Lakini lichane hapa hapa," Bi Kheiria aliongeza haraka. "Siwezi kulala siku mbili sijui. Niambie tu kama ni fundi wa saa."

Plastiki ikachanwa. Kijiko kikaanguka, hakuna aliyekiokota. Kurasa zikafunuliwa: mapishi ya keki, tangazo la viatu vipana, barua ya kwaheri ya mhariri, na hatimaye Mabel, amesimama kwenye kituo cha treni na sanduku lake, daktari akija kutoka upande huu na fundi kutoka upande ule. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya maandishi membamba: kwa uchache wa kurasa, mwisho wa hadithi utapatikana katika tovuti yetu.

Noof, aliyekuwa akisoma juu ya bega la Bi Shariffa, alitoa simu yake kimyakimya, akaandika, akangoja. Kisha akaiinamisha simu mahali ambapo mkunga peke yake angeweza kuiona. Tovuti ilikuwa imekwisha fungwa. Kwenye kioo palikuwa na mbwa.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa! Mashujaa wawili walikuwa wamepigania sanduku lisilo na kitu. Bi Shariffa aliziona Alhamisi zake zikipita mbele yake, sebule tupu, viti kumi na kimoja, sambusa zikipoa.

"Kaolewa?" Bi Kheiria alisogea mpaka ukingoni mwa kochi, na ndani ya macho yake hapakuwa na chui hata kidogo. "Niambie, Shariffa. Kaolewa na nani?"

Bi Shariffa alivua miwani ya kusomea, akavaa ya kutazamia. Akamtazama adui yake jinsi alivyokuwa akimngoja, mdomo wazi, mikono juu ya magoti. Polepole akalifunga jarida.

"Makubwa, Kheiria," alisema. "Makubwa."

"Makubwa vipi?"

"Hapa hayasomeki. Yanataka watu wote. Alhamisi, kwangu, baada ya alasiri."

"Unanidanganya! Noof, umeona nini pale?"

Na Noof binti Muhanna, aliyekuja duniani miguu mbele, alisimama imara juu ya miguu hiyo hiyo.

"Makubwa, bibi. Mwisho kama ule sijapata kuuona."

Wanachuoni na walipime neno hilo. Hawatakuta uongo ndani yake. Chetezo kikaletwa, udi ukafukizwa, na Bi Shariffa akapita katika moshi kama malkia apitaye chini ya bendera, jarida kifuani, akashuka ngazi moja baada ya moja bila ya kushika ukuta.

"Vipi, mama?" aliuliza Musallam. "Anaolewa na daktari?"

"Bado sijaamua," alisema Bi Shariffa. "Endesha."

Alhamisi ile Mabel alipanda treni peke yake. Alhamisi iliyofuata sanduku lake lilikutwa na saa ya mfukoni isiyokuwa yake. Bi Shariffa alikuwa akisoma akiwa ameliinua jarida lile lile mbele ya uso wake, akigeuza kurasa kila inapostahiki, na Noof aliyeketi nyuma yake alikuwa akiitikia kwa kichwa kama karani anayehakiki hati.

Basi na ichongwe mahali panapoonekana, ili watoto wa shule wateswe nayo katika mitihani: kwamba katika mwezi ule ule ambao London ililifunga jarida moja kwa kukosa wasomaji, Maskati ilifungua lingine, bila ya karatasi na bila ya kampuni, na kwamba wasomaji wake kumi na mmoja walihudhuria wote, na mmoja wao, chui wa Bustan, alifika saa nzima kabla ya wenzake ili apate kukaa mbele.