Nusu ya Mbele ya Chicago

Jumapili, 27 Julai 2014. Riyadh

Elijah amekufa. Moyo. Alianguka saiti na ndoo ya simenti mkononi. Ndiye aliyekuwa anatufunza historia ya miji ya Amerika hapa chumbani, mtaa wa Manfuha, maana sote tumejaza bahati nasibu ya viza ya kule. Kitabu chake ni kimoja. Nakitaka. Laban, mwenzetu wa chumba, pia anakitaka, ati yeye amekaa Jeddah, ameona bahari. Josphat, mkubwa wa chumba, akakikata katikati na kisu cha kukatia bodi za jipsam. Nimepata nusu ya mbele. Ina jalada! Mwenye jalada ndiye mwalimu.

Jumatatu, 28 Julai

Idi. Hakuna kazi mpaka Jumamosi. Nimefunza Chicago: matope, nguruwe, reli. Kiingereza changu kinachechemea, lakini picha zinasaidia. Nikampigia binti yangu Maureen. Tangu mamake afe hunijibu neno moja moja. Nikamwambia sasa mimi ni mwalimu. Akaniuliza maswali matatu. Matatu!

Jumanne, 29 Julai

Chicago imeungua. Mwaka 1871. Nusu yangu inaishia hapo, moto bado unawaka. Nikawaambia mji umekwisha, halas. Tukasimama kimya dakika moja. Lewis, wa chumba hiki pia, ana shemeji kule, akatafuta simu ampe pole. Laban akatoa kichwa kwa blanketi: "Mwalimu, huo mji wako uko huku kwangu. Una maghorofa." Wote wamehamia kitanda chake.

Jumatano, 30 Julai

Wanafunzi: sifuri. Maureen amepiga mwenyewe. Ule moto niliomsimulia jana usiku ameusimulia darasani, sasa mwalimu wake anauliza walijenga vipi tena. Nikasema laini mbaya, nikakata.

Alhamisi, 31 Julai

Nimempelekea Laban chai. Nimeomba nusu yake. Akaninong'oneza kwamba hajui kusoma, anafunza na picha tu. Sitamwambia mtu. Nikasoma, akasikiliza. Tukaunganisha kitabu kwa gundi ya vigae. Kurasa kumi za katikati zimekuwa tofali. Nikampigia Maureen: walifagia majivu, vibarua wakabeba matofali, wakapanda juu. 

"Kumbe ni watu kama wewe, Baba."

Ijumaa, 1 Agosti

Nimesoma, Laban akaonyesha picha. Wote walikuja. Elijah angefurahi. Lakini Josphat ameokota kitabu kingine huko mtaa wa Malaz. New York. Kinene! Laban anakitazama sana. Kisu cha jipsam nimekificha chini ya godoro langu. Safari hii nakata mimi. Nusu ya mbele ni yangu.

Kesho narudi kazini.