Mwanachama Aliyesoma Ilani

Ofisi ya Tawi,
Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

Ndugu Katibu Mkuu wa Chama,

YAH: FUNDI BOMBA ALIYEINGIA CHAMANI KWA SABABU ZISIZOELEWEKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekaa kitini, maana si ya kusomwa ukiwa umesimama.

Mimi ni katibu wa tawi hili kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kukusumbua. Uchaguzi ukifika nakusanya watu wetu, nawakumbusha kwamba wao ni watu wetu, wanakipigia kura chama, tunarudi nyumbani. Wapinzani nao hufanya hivyo hivyo kwa watu wao. Ni utaratibu safi, na haujawahi kumchosha mtu yeyote kwa kufikiri.

Sasa amejitokeza wa kuuvuruga. Ni fundi bomba, na ni wa kabila la wale, watu wa upinzani. Aliomba kadi, na mwenezi wetu, ambaye huamini kila kilichochapishwa, alisoma kwenye katiba kwamba chama ni cha watu wote, akampa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi huyu amesoma ilani. Unajua nakala ulizotuletea zilikuwa nyingi, na mwenye duka ni mtu wetu, kwa hiyo tulimruhusu afungie nati na misumari. Fundi alinunua koki, ikafungwa kwa ukurasa wa kumi na nne, akausoma. Kesho yake alikuja ofisini na karatasi yenye grisi, anataka ukurasa wa kumi na tano. Mwenezi aliniinamia sikioni akauliza, "Kwani sisi tuna ilani?" Kumbe humo tuliahidi kwamba zahanati ya kila kata itakuwa na maji ndani ya siku mia moja. Yetu ina mwaka wa sita haijaona tone, na wajawazito huenda na ndoo zao. Binti yangu mwenyewe, mwenye mimba ya miezi minane, ameshatenga yake wala halalamiki, kwa sababu amelelewa kichama.

2. Tangu aje, vikao vinaendeshwa kwa Kiswahili. Zamani tulitumia lugha ya kwetu, na sehemu kubwa ya kikao ilikuwa kuwasema wale. Huwezi kuwasema wale wakati mmoja wao anakumiminia chai. Tulipoiondoa ajenda hiyo tukagundua hatuna nyingine. Kikao cha muda wa saa tatu kinaisha kwa robo saa, na muda unaobaki anautumia yeye kuzungumzia mabomba.

3. Hana hata tabia moja kati ya zile tulizowafundisha wanachama. Tulisema wale ni wavivu, lakini anafika kabla yangu mimi mwenye funguo. Tulisema wana kiburi, na nimemkuta anafagia ofisi. Nimemchunguza wiki saba nzima na nimeambulia patupu. Ndugu Katibu Mkuu, hii ni hujuma ya hali ya juu.

4. Ugonjwa unaambukiza. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, damu yetu kabisa, amehamia kwa wapinzani, eti sera yao ya shule inaeleweka. Sera! Tukienda hivi itafika siku mtu hatajua jirani yake atampigia nani kura mpaka amuulize.

5. Hili ndilo linaloninyima raha. Jumamosi tunachagua mgombea udiwani, nafasi ambayo tumemwekea shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni wetu kwa baba na kwa mama, na ana kipaza sauti chake mwenyewe. Alipokuwa diwani ndiye aliyekata utepe wa bomba la zahanati, lile ambalo halijaunganishwa na kitu chochote. Leo wanachama wananong'ona jina la fundi. Ukiwauliza kwa nini, wanakujibu bila aibu kwamba anajua kutengeneza bomba.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba umwandikie mwenzako wa upinzani mbadilishane. Atupe mwalimu wetu, tumpe fundi wake, na kila mtu arudi alikozaliwa. Pili, kadi mpya ziwe na nafasi ya kujaza babu mzaa baba, na babu huyo awe na wadhamini wawili. Tatu, nimejiuliza kura zenyewe ni za nini. Lisomwe tu daftari la wapiga kura, yahesabiwe majina ya kwetu na ya kwao, mshindi atangazwe kabla ya chai ya saa nne. Tutaokoa wino na karatasi, na hakuna atakayelazimika kuahidi kitu. Ilani ikibidi zichapishwe, yatosha jalada.

Wasalimie wajumbe wote wa Kamati Kuu walio wa damu yetu, yaani wote.

Wako katika kukijenga chama cha watu wote,

Katibu wa Tawi

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani ikingoja muhuri, na Jumamosi imepita. Tulipiga kura thelathini na tisa. Fundi amepata thelathini na nane. Shemeji amepata moja, anasema hiyo alijipigia mwenyewe, na tangu hapo hanisemeshi. Dada yake ananisemesha vizuri tu, na hajaniuliza kitu. Nakuapia, niliingia nyuma ya pazia nikiwa na jina la shemeji mdomoni. Lakini pale nilikuwa peke yangu na kalamu, hakuna wetu wala wale, nikamfikiria binti yangu atakayejifungua baada ya wiki tatu, nikaogopa. Niliogopa sana, Ndugu Katibu Mkuu. Tafadhali usimhamishe fundi.