Msiba wa Mwene Lupandilo

Haya, kaeni vizuri niwategee. Mfupa mmoja mkavu, hauna meno, hauna koo, hauna tumbo, ulikula ng'ombe watano kwa siku tatu. Ni nini?

Fikirini. Si fisi, fisi ana meno. Si moto, moto si mkavu wala si mbichi. Wala si mtoza kodi, huyo tumbo analo. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Tukuyu? Sitaki, mvua ya kule haina siku ya mapumziko. Iringa? Iringa ndiko alikotoka mjanja wa hadithi hii, bakini nayo. Nipeni Mbeya. Haya, nimekwenda Mbeya, nimefika mwaka wa hamsini na nne, na mtu wa kwanza kukutana naye ni Liberatus Kalinga, amesimama mbele ya ghala la zamani la ngozi, kofia ya kaki kichwani, anatabasamu kama aliyezaliwa na meno yote.

Liberatus alikuwa mtu wa Mlandege, palepale Iringa mjini. Suti alikuwa nayo moja, maneno magunia saba. Alikwisha kuuza dawa ya kuotesha nywele kwa wenye vipara wa Chunya, akaondoka siku moja kabla ya nywele kutoota. Mwaka huohuo fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ulaya, likawekwa Kalenga, na watu wakafurika kwenda kuliona. Wazee walivua kofia, akina mama walilia. Liberatus naye alitokwa na machozi, Mungu ni shahidi, lakini yeye alikuwa akiangalia urefu wa mstari.

"Watu wote hawa," alijiambia, "kwa ajili ya mfupa."

Sasa, mjanja hakuja Mbeya kwa ajili ya ujanja tu. Alikuja kwa ajili ya Tupokigwe, binti mshona nguo aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka karibu na soko. Liberatus alimmwagia maneno gunia zima. Tupokigwe aliuma uzi, akatema, akasema, "Mimi sina neno. Nenda kwa baba."

Baba yake ni mzee Lutengano, mkulima wa kahawa, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Alisema, "Ng'ombe watano." Akaongeza, "Wenye miguu minne kila mmoja. Nyie watu wa Iringa nimeanza kuwafahamu."

Tangu hapo, kila Jumapili watu walipotoka kanisani, mzee Lutengano alimwita Liberatus hadharani, mwisho wa ua, ambako kila mtu anasikia.

"Mwanangu! Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Baba, wako njiani, wanakuja wakila majani."

Jumapili nyingine: "Mwanangu, ng'ombe wangu wako wapi?"

"Baba, ng'ombe wa kukimbizwa hukonda. Wako wewe nataka waje wamenenepa."

Watu walicheka. Mzee Lutengano hakucheka. "Mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi," alisema. "Baada ya hapo nitamsikiliza Yotamu, dereva wa lori. Yeye hajui kusema, lakini ng'ombe wake nimewaona kwa macho."

Ndipo Liberatus alipovaa kofia ya kaki, akapanda baiskeli, akazunguka milimani na daftari kwapani. Kila nyumba alisema serikali inaorodhesha vitu vya kale, vitarudishwa baada ya wiki mbili. Akapewa mikuki yenye kutu, vyungu, majembe ya wahunzi wa zamani. Juu ya Mbalizi alimkuta mjane, Bibi Tusajigwe, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha kale isipokuwa yeye mwenyewe na kigoda cha marehemu mumewe. Kigoda cha miguu mitatu. Mzee wa watu alikikalia kila asubuhi akikamua maziwa, na siku aliyokufa alikufa akiwa amekikalia, nacho kina alama nyeusi ukingoni pale kiko chake kilipodondosha moto.

"Wiki mbili?" aliuliza bibi.

"Mbili, bibi yangu. Tena fupi."

Bibi alikifuta kwa khanga, akampa. "Ndaga, ahsante, mwanangu. Nitazihesabu."

Ghala la ngozi likapakwa chokaa, mlangoni kikapachikwa kibao: JUMBA KUU LA HISTORIA. WATU SITA TU KWA MARA MOJA. Kiingilio thumuni. Kwa nini sita? Liberatus alisema ni kwa heshima ya vitu. Ukweli ni kwamba mtu wa saba angesimama pale chokaa ilipoishia. Lakini mwambieni mtu wa mji kwamba ni sita tu wanaoingia, mtamwona anasukumana awe wa kwanza. Ghala lile lilikaa na ngozi miaka kumi bila mtu kulitazama. Sasa makarani walifunga tai kuingia humo.

"Polepole, mabwana," Liberatus aliwaongoza, fimbo mkononi, sauti chini kama padri. "Tusiguse. Tusikohoe kwa nguvu. Huu hapa ni mkuki wa Mwene Lupandilo, uliomkosa Mjerumani kwa upana wa kidole."

"Ulimkosa?" aliuliza mmoja.

"Kwa makusudi, bwana. Mwene alikuwa na huruma."

Chifu huyo, Mwene Lupandilo, msimtafute popote. Liberatus alimzaa asubuhi moja akinyoa ndevu, kufikia kidevu tayari alikuwa amepigana vita vitatu. Chumba cha pili kilikuwa na kiti chake cha enzi, yaani kigoda cha Bibi Tusajigwe juu ya meza. Chumba cha tatu, juu ya kitambaa chekundu, kati ya mishumaa miwili, mfupa. "Mkono wake," Liberatus alinong'ona, akavua kofia. Mfupa wenyewe aliuokota nyuma ya bucha.

Hapo wangeondoka, lakini mjanja wetu alikuwa na jambo lake la mwisho. Alimshika mwenye viatu vizuri kuliko wote, akamgeuza kwenye mwanga.

"Mzee, samahani. Pua hiyo umeitoa wapi?"

"Pua yangu?"

"Pua ya Mwene! Wazee walionisimulia waliitaja hiyohiyo. Wewe hujajijua bado."

Basi akatoa Kitabu cha Ukoo, na mwenye viatu akaandikwa, baada ya kutoa kitu kidogo cha wino. Jailos, karani wa baraza, aliandikwa kitukuu. Siku ya pili akarudi na wino zaidi, akapandishwa kuwa mjukuu. Anania mwenye mgahawa aliandikwa, na tangu siku hiyo akaacha kuosha vikombe mwenyewe. Hata mzee Lutengano alikuja na jogoo kwapani, akaandikwa mjukuu wa mke mkubwa. Watu ambao jana walisahau kumpelekea mama yao chumvi, leo walikuwa na babu wa kusimulia mjini.

Wino ule uligeuka ng'ombe. Kufikia wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, ng'ombe watano wanene walikuwa Mbalizi, zizini kwa mfugaji mmoja, Kasian, wakingoja kuswagwa Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi. Mtu mwenye akili angefunga mlango. Lakini nje walisimama watu watano na thumuni zao, na wa sita alikuwa bibi mwenye fimbo.

Liberatus hakumtambua. Vibibi vya milimani alikwisha kuviona vingi.

Bibi Tusajigwe alipita kwenye mikuki bila kusimama. Kwenye kigoda alisimama. Akaitazama ile alama nyeusi ya kiko. Miezi mitatu alikuwa amehesabu wiki mbili zake.

"Hapa," alisema Liberatus, "Mwene aliketi akihukumu watu elfu."

"Kifupi," alisema bibi.

"Alipenda unyenyekevu, bibi."

Chumba cha tatu, bibi aliuinamia mfupa hadi mishumaa ikamulika mashavu yake. Mikono ile ilikuwa imegonga mifupa ya ng'ombe miaka sitini kutafuta uboho.

"Mwanangu, huu ni wa mkono upi?"

"Wa kulia, bibi. Wa kushikia mkuki."

"Na amezikwa wapi?"

Liberatus akatanua kifua. Swali zuri namna hiyo hakuwahi kuulizwa. "Hajazikwa, bibi! Huyu ndiye yeye. Nimekaa naye humu tangu mwezi wa saba."

Oo, mtu wa Mlandege. Angejua.

Bibi Tusajigwe aliweka fimbo chini. Akaweka mikono kichwani. Akafungua kinywa, na ukatoka ukelele ambao uliwasimamisha wauza ndizi sokoni. "Baba yetuuu! Miezi yote hujazikwa! Mwene Lupandilo uuuwi!" Wanawake wawili waliokuwa kundini hawakuuliza. Kwa Wanyakyusa kilio hakiulizwi, kinajibiwa. Walijibu. Wa sokoni wakawajibu wale wa ghalani, na ngoma ikawajibu wa sokoni.

Na nyie mnaojua mnajua: msiba wa mtu mkubwa hauliwi kavu. Maiti ipo kwa nani? Basi huyo ndiye mwenye msiba, na mwenye msiba huchinja.

Jailos karani alifika mbio, kitambaa cheusi tayari mkononi. Alikishika Kitabu cha Ukoo, akaanza kuita majina mlangoni kama siku ya kodi. Kila aliyeitwa alifika analia, tena kwa sauti ya mjukuu, maana wengine walikuwa wanatazama.

Liberatus alimvuta pembeni. "Bwana karani. Tuseme, mfano tu. Tuseme mfupa huu si wa mtu."

Jailos alishusha miwani. "Kama si wa mtu, mimi nimeandikwa mjukuu wa nani? Wa ng'ombe? Na aliyeniandika, leo atalala wapi? Baraza liko pale, na chumba chenye nondo kiko nyuma yake."

"Ni wa mtu," alisema Liberatus upesi. "Tena mtu mkubwa."

"Vizuri. Nyama iko wapi?"

"Mimi mgeni, bwana, sina hata kuku."

"Anao!" Bibi Tusajigwe alidakia, machozi yanamtiririka vizuri. "Nimepita zizini kwa Kasian. Nimeona watano. Nikaambiwa ni wa bwana mkubwa wa Jumba. Nikasema, mtu huyu anajua heshima, ameandaa mapema."

Wa kwanza alichinjwa saa nane mchana. Mzee Lutengano aliposhuka kutoka shambani, nyama ilikuwa motoni na pombe ya kimpumu imekwisha kuletwa mitungi kwa mitungi. Alilia kuliko wote. Kisha akauliza, "Mmoja? Kwa babu yangu, mmoja? Lete mwingine!"

Liberatus alimshika mkono. "Baba, sikia. Hawa ng'ombe nilikuwa nimewaweka kwa kazi nyingine."

"Kazi gani iliyo kubwa kuliko babu yangu?"

Liberatus alitazama huku akamwona Jailos. Akatazama kule, Jailos bado yupo. "Hakuna, baba."

"Umesema kiume. Wa tatu achinjwe asubuhi, mimi napenda maini mapema."

Ijumaa wakacheza wanaume na mikuki ya Jumba Kuu, maana mikuki ya nini kama si ya msiba. Tupokigwe aligawa ndizi. Alipomfikia Liberatus alimwekea mfupa mtupu sahanini. "Pole na msiba, mwenye msiba," alisema, akacheka kwa mabega tu.

Hapo akili ya Liberatus ilikumbuka sura ya bibi. Alimwendea, akachuchumaa. "Bibi, nakujua sasa. Kigoda chukua. Waambie watu wanyamaze, wawili wamebaki."

"Kigoda nitachukua," alisema bibi, akinyonya uboho. "Kilio nilianzisha mimi, lakini kukimaliza ni kazi ya ukoo. Na ukoo umeuandika wewe, tena mkubwa! Kwani kwenu Iringa mnaliaje?"

"Bibi, unajua kabisa huu ni mfupa wa ng'ombe."

"Najua. Wa mguu wa mbele." Akautupa mfupa uliokwisha uboho. "Na wewe ulijua kwamba wiki mbili ni wiki mbili."

Jumamosi asubuhi wa nne na wa tano wakaingia chunguni pamoja, ili kumsindikiza Mwene inavyostahili. Mfupa ukavishwa shuka, ukatiwa kwenye sanduku la majani ya chai, ukazikwa nyuma ya ghala kwa tenzi nne na hotuba mbili, zote za Jailos. Bibi Tusajigwe, kwa kuwa ndiye aliyelia wa kwanza, aliulizwa anarithi nini. Alitaka kigoda tu. Watu walimsifu kwa kutokuwa na tamaa. Akakifuta kwa khanga, akajitwika, akashika njia ya Mbalizi.

Watu hawakuondoka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, na mzee Lutengano alikuwa amesimama katikati ya ua, mafuta mpaka kwenye viwiko, anachokonoa meno kwa kijiti. Yotamu alikuwa ameegemea lori lake. Cherehani ya Tupokigwe ilikuwa imenyamaza.

"Mwanangu," alisema mzee, kwa ile sauti ya Jumapili. "Msiba umetuheshimu, nakushukuru. Sasa tuje kwetu. Leo ndiyo siku. Ng'ombe wangu wako wapi?"

Liberatus alifungua kinywa. Alitafuta kwenye magunia yake saba, la kwanza, la pili, akafika la saba, akalikung'uta. Akavua kofia ya kaki.

"Umewala, baba."