Kundi la Unga

Siku Fomula alipoingia kwenye ukumbi wa chuo, hakufuata elimu. Alifuata soda. Bango la mlangoni liliahidi mhadhara wa kemia na viburudisho, naye, kama mtu anayejiheshimu, aliketi upande wa viburudisho.

Mkemia aliyekuwa akizungumza alieleza jinsi maabara yao inavyochukua majani, magome, hata ukungu wa ukutani, ikavichambua, kisha kompyuta ikapekua maelfu ya viambato kutafuta kimoja chenye dalili ya kutibu. Watu wakasinzia. Ndipo akafika kwenye kujaribu dawa kwa wagonjwa. "Nusu tunawapa dawa," alisema, "nusu tunawapa kidonge kisicho na kitu. Mgonjwa hajui kapewa kipi, na daktari anayempa naye hajui."

Fomula aliweka soda chini. Miaka kumi na tano alikuwa akiuza vitu visivyo na kitu, na miaka yote hiyo alikuwa akiwakimbia wateja. Kumbe kuna njia ya kuifanya kazi hiyo umesimama, tena umevaa koti jeupe. Mkemia alipofika kwenye maneno ya kwamba wanaojaribiwa hawatozwi hata senti, mwanafunzi wake bora alikuwa ameshatoka.

Wiki mbili baadaye alikuwa amepanga chumba juu ya duka la fotokopi. Ndani kulikuwa na meza, koti la mtumba lenye doa la wino mfukoni, kompyuta iliyokuwa inawaka taa tu, na sinia la magugu aliyoyang'oa mtaroni nyuma ya jengo. Kompyuta, aliwaambia watu, ilisoma mimea elfu kumi ikalichagua gugu hilo kwa presha, magoti na uchovu usiojulikana chanzo. Kundi la kwanza la wateja lilipewa kapsuli za unga wa muhogo. Kundi la pili, kwa kulinda usawa wa kisayansi, lilipewa unga uleule.

Uzuri wa mpango huu ulikuwa kwenye malalamiko. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipanda ngazi akichechemea, ana hasira.

"Mwezi mzima nameza, goti liko palepale."

"Pole sana, mzee. Inaelekea umeangukia kundi la unga."

"Sasa nihamishe, niweke kwenye kundi la dawa."

"Mimi mwenyewe sijui nani yuko wapi. Ndiyo sayansi hiyo. Anayejua ni kompyuta peke yake."

Mzee aliitazama ile kompyuta, kisha akamtazama Fomula. Alikuwa mtu aliyejenga nusu ya mtaa bila kibali kimoja. "Na kompyuta," akauliza kwa sauti ya chini, "inakula nini?"

"Chochote utakachojaliwa."

Ikala. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyedai kurudishiwa chake; kila aliyekosa nafuu alilipa mara ya pili ili ahamishwe, na aliyepata nafuu kwa bahati zake aliwaleta shemeji na wakwe. Fomula akanunua viatu vyenye ncha. Akaanza kukohoa kisomi kabla ya kuongea.

Jumatatu moja aliita "Anayefuata", akaingia mama yake mzazi.

"Shikamoo, mama. Umepotea njia?"

"Marahaba. Sijapotea, nimekuja kuchukua kapsuli za mwezi wa pili. Za kwanza nilimtuma jirani, sikutaka unipe bure watu wakasema." Akaketi, akapanga kanga yake. "Nashukuru Mungu nimezaa mwanasayansi. Vile vidonge vya presha vya hospitali nimeshaviacha."

Fomula aliinuka kitini. Miaka miwili nyuma mama huyu alianguka jikoni kwa presha, na ni yeye aliyembeba mgongoni hadi kituo cha afya. Daktari alimwambia waziwazi kwamba akiacha vidonge, safari nyingine hataamka. Fomula alikuwa amedanganya watu wengi, lakini mama alikuwa naye mmoja tu.

Akafunga mlango. "Mama, nisikilize. Huo ni unga. Rudia vidonge vyako leo hii."

"Unajuaje kama ni unga? Si ulisema hata anayetoa hajui?"

"Najua kwa sababu nimeujaza mimi, kwa kijiko."

"Ya kwako hayo. Kompyuta ndiyo inayojua." Akatabasamu kwa upole wa kukatisha tamaa. "Mimi naona niko kundi la dawa. Hata usingizi umerudi."

Alimbembeleza, akaapa, nusura alie. Kila alipokiri, mama alimsifu kwa kulinda siri ya utafiti. Alikuwa ameujenga uongo usio na mlango, na sasa mama yake alikuwa ndani.

Ikabaki njia moja. Mchana huohuo alikwenda duka la dawa la kona, kwa mfamasia mwenye miwani aliyekuwa akimpimia mama presha kila mwezi, akataja vidonge vilevile vya hospitali.

"Vimeadimika," mfamasia alisema bila kuinua macho, akataja bei iliyomfanya Fomula ashike kaunta.

"Dada, hiyo ni bei ya dawa au ya duka?"

"Ya dawa. Duka ni ghali zaidi."

Akalipa. Akavimimina kwenye kichupa cha utafiti, akampelekea mama, akamwambia kompyuta imemteua kwa kapsuli za aina mpya zisizo na ganda. Mwezi uliofuata akarudi, na uliofuata, na kila mara bei ilikuwa imepanda. Kompyuta ilikula kwa wagonjwa, mfamasia akala kwa kompyuta. Viatu vya ncha vikauzwa. Hata hivyo presha ya mama ilipimwa ikawa nzuri, na usiku Fomula alilala.

Mwezi wa tano wa kununua, aliwahi dukani kabla ya siku yake. Mama yake alikuwa amesimama kaunta, akimkabidhi mfamasia kichupa cha utafiti, kimejaa hadi shingoni. Mfamasia alivimimina vidonge kwenye kichupa cha dukani, akabandika karatasi mpya, akakiweka rafuni.

"Hicho," Fomula alisema polepole, "ndicho ninachouziwa mimi?"

"Tangu mwezi wa kwanza," mfamasia alijibu. "Hakuna dawa iliyotembea mjini kama hii."

Fomula alimgeukia mama. "Na wewe unameza nini?"

"Vya hospitali. Vya presha haviachwi, mwanangu, hilo hata kuku wangu wanajua."

"Na hela zangu zote?"

"Zako?" mfamasia alivua miwani. "Mwenye duka la vifaa vya ujenzi amerudishiwa zake, na goti lake limepelekwa kwa daktari wa kweli. Mshona nguo amerudishiwa. Jirani yenu karudishiwa na nauli."

Fomula alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mwishowe akauliza swali ambalo hakutaka kujua jibu lake.

"Mama, na kama siku ile ningekuacha tu na unga wangu, nisinunue chochote?"

Mama hakucheka. "Ningekupeleka polisi kwa mkono wangu mwenyewe. Halafu ningerudi nyumbani nikalie, maana ningekuwa sina mtoto." Akamfuta vumbi begani, kama alivyozoea. "Ulinunua. Twende ukale."

Fomula akainuka, akanyoosha mkono rafuni kuchukua kile kichupa alichokilipia mara nne. Mfamasia akakisogeza nyuma.

"Kiache hapohapo. Bado watu kumi na saba, na mwezi ujao bei inapanda."